Mikono ya Muzee wa Manyeto

Kabla ya kufungua manyeto, alimwaga maji chini. Si kidogo: ndoo tatu, kuanzia mlangoni mwa gereji hadi kwenye miguu ya meza, mpaka ardhi nyeusi ya Murara, mtaa wetu hapa Goma, igeuke tope. Wageni walidhani anapenda usafi. Vumbi la Goma ni mawe ya volkano yaliyosagika, na ndani yake mna chuma. Ukifungua sumaku mahali pakavu, vumbi linapanda lenyewe na kuota juu yake kama ndevu. Nilisoma mambo ya sumaku Ulaya kwa miaka minne, kwa walimu wenye vitabu vinene, na hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba kuna mji ambao barabara zake zinaweza kuingia ndani ya manyeto zikitaka.

Manyeto, kwa asiyeijua, ni mashine ndogo, ukubwa wa tofali, iliyotengeneza cheche ya kuwasha petroli katika magari ya zamani, yale ya kabla ya betri. Ina sumaku yenye umbo la kwato la farasi, na kati ya miguu ya sumaku hiyo huzunguka kitu kilichovikwa waya mwembamba kama unywele. Vitabu vyangu vilikiita kwa jina refu. Yeye alikiita roho.

Jina lake mwenyewe sikuwahi kulijua vizuri. Mwaka serikali ilipotutaka tuache majina ya ubatizo na kuchukua ya mababu, karani wa zone, yaani wilaya, alifika gerejini na daftari kwapani, akimwita kila mtu sitwayeni, mwananchi, kama ilivyoamriwa.

"Sitwayeni, jina yako mupya ni gani?"

Alikuwa ameinamia meza. Hakugeuka. "Andika Muzee wa Manyeto."

"Ile si jina, Muzee. Ile ni kazi."

"Basi andika kazi. Njo vile batu wananiita."

Karani aliandika kitu, akaenda zake.

Mimi, nisijifiche, si mtu wa kawaida katika mji huu. Nilitoka Murara bila viatu. Nilibeba magunia ya kahawa bandarini, nikaosha sahani katika majiko ya Liège kule Ubelgiji, nikarudi na diploma ya umeme na mashine yenye mihuri miwili. Hakuna mjomba aliyenisomesha, hakuna padri aliyeniombea nafasi. Wenzangu niliokwenda nao wamebaki kule hadi leo wakisema watarudi, mimi nilirudi. Kazi niliyoahidiwa Kinshasa ilichelewa, zikawa zinakuja barua tu, basi nikaingia gerejini kwake nikiwa mtu mzima wa miaka thelathini, nikidhani nakwenda kumwonyesha mzee mwanga kidogo. Nilikaa miaka mitatu.

Siku ya kwanza nilitundika diploma ukutani, juu ya meza yake. Aliitazama muda mrefu, mikono nyuma.

"Papa Diploma," akasema, na jina hilo likanishika tangu hapo, "iyi karatasi inajua nini?"

"Inajua sababu gani cheche inatoka, Muzee."

"Aa. Siku ikikatala kutoka, nitaiuliza."

Hakuitoa ukutani, lakini. Wateja wakija alikuwa wa kwanza kuwaonyesha. "Muone, hapa kwangu kuko na mutu wa Ulaya." Nikiwapo alinidharau, nisipokuwapo alinisifu, niliyajua hayo kwa wateja.

Alifanya kazi kimya kabisa. Roho ikiwa nje ya sumaku, hakuna aliyeruhusiwa kusema, hata mwenye gari, hata askari. Alitandika shuka nyeupe mezani na kupanga vifuniko vya chupa kutoka kushoto kwenda kulia, kila kipande katika kifuniko chake kwa mfuatano wa kutoka. Wakati wa kurudisha alianza kulia. Hakuandika chochote. Akitaka kuondoa vumbi la chuma kwenye sumaku, hakutumia kitambaa, kwa kuwa kitambaa hulihamisha tu. Alichukua tonge la bugali baridi, akalikanda mpaka likawa laini, akalibandika na kulibandua, na kila mara lilitoka jeusi. Mke wake alilalamika kwamba manyeto za Goma zinakula kuliko watoto.

Na mara tu roho ilipotoka, alilaza kipande cha chuma juu ya miguu ya sumaku, kiiunganishe, ili nguvu yake isipotee. Hilo nililijua kwa vitabu na nikamweleza sababu, kwa mchoro. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima.

"Vizuri. Mimi naona hivi: sumaku ni kama mama. Ukimuondolea mutoto mu mukono, umupatie kintu kingine ashike. Kama hapana, anazimia."

Alikuwa mtu wa kusali, misa kila Jumapili, na alidanganya wateja kuhusu siku ya kumaliza kazi bila hata kupepesa jicho. "Kesho" yake ilikuwa wiki. Lakini kuhusu chuma hakudanganya kamwe. Kama kitu kilikuwa kimekufa alisema kimekufa. Watu walitoka Rutshuru, walitoka Butembo, wakamletea manyeto za magari, za mashine za kukoboa kahawa, za mapampu, kwa sababu hiyo moja: mkono wake ukigusa, neno lake ni la mwisho.

Alinifundisha mengi, nami sioni aibu kusema hivyo, maana mtu mwenye elimu hujua alikopata kila sehemu ya elimu yake. Ila kulikuwa na kitu kimoja alichokificha. Kila alipotaka kutoa roho, alinigeuzia mgongo. Si kwa muda mrefu; ungeweza kupumua mara tatu. Kisha aligeuka na roho ilikuwa tayari mkononi mwake. Nilisogea kushoto, mgongo ukaja kushoto. Nilimuuliza mara moja tu.

"Fundi akitoa vyote," alisema, "wanamuitia nini tena?"

Niliudhika. Nilijiambia kwamba ni mbwembwe za mzee, kwamba hakuna kitu pale nyuma ya mgongo ambacho mtu wa mihuri miwili asingeweza kukiona mwenyewe.

Ndipo likaja gari la Mwenye Shamba.

Wakati ule mashamba ya wageni yalikuwa yamegawiwa wananchi, na mtu mmoja wa Chama alikuwa amepewa shamba la kahawa kule Kibati. Ndani ya ghala alikuta gari la zamani sana, lisilo na paa, lenye magurudumu ya miti, ambalo mzungu alikuwa akilitunza kama picha ya ukutani. Mkubwa mmoja alikuwa anakuja kutoka Kinshasa. Mwenye Shamba alitaka mkubwa huyo apite mjini ndani ya gari lile, amesimama, akipunga mkono. Gari lilikuwa zima isipokuwa cheche. Alileta manyeto imefungwa katika taulo, akaiweka mezani mwenyewe, abakosti yake, lile koti rasmi la watu wa Chama, ikigusa grisi bila yeye kujali.

"Muzee, nimewaambia batu wote ni weye. Mutu wa Bukavu alitaka, nikakatala. Ikitembea, utakuwa fundi wa Zaire muzima. Ikizimika mbele ya mukubwa, jina yako imekufa. Si mimi nitaiua. Ni batu."

"Haiwezi kuzimika," nikadakia mimi. "Mwambie mkubwa apande bila wasiwasi."

Muzee alinitazama. "Ulaya walikufundisha kusema tu? Kunyamaza waliacha?" Kisha akamwambia Mwenye Shamba, "Siku nane."

Alimwaga maji, akatandika shuka. Siku ile nilimwona akitokwa jasho, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Aligeuza mgongo, akapumua, akageuka na roho mkononi. Alikausha waya juani ndani ya sufuria yenye mchanga wa moto, akasafisha midomo ya cheche kwa jiwe la kunolea nyembe, akapima nafasi yake kwa kipande cha karatasi ya sigara kilichokunjwa. Siku ya sita alifunga kila kitu, akashika waya wa plagi karibu na mwili wa manyeto, akazungusha. Cheche ya bluu, nene, yenye sauti kama mjeledi mdogo. Akacheka. Nadhani ndiyo mara pekee niliyomwona akicheka peke yake.

Kesho yake akaitwa Kiwanja, kule upande wa Rutshuru, kwenye matanga ya dada yake. "Usiiguse," aliniambia. "Nitarudi siku moja kabla ya sherehe, niiweke mu gari."

Alipoondoka nilikaa nayo asubuhi nzima. Sikutaka kuiharibu, nilitaka kujua. Manyeto ilikuwa pale juu ya shuka, na mgongo haukuwapo. Nilimwaga maji, nikapanga vifuniko, nikatayarisha kipande cha chuma cha sumaku. Yote kama yeye. Nikafungua kifuniko cha nyuma na kuanza kuvuta roho. Ilikuja nusu, ikakwama. Nikaizungusha kidogo. Bado. Nikavuta kwa nguvu.

Ikasema *tak*. Sauti ndogo, kama mtu amevunja jino la kitana.

Ndipo nikaiona. Chini ya mwili wa manyeto kulikuwa na skrubu fupi, imezama, imefunikwa na uchafu wa makusudi, na ncha yake iliingia ndani hadi karibu na pete nyeusi iliyovikwa kwenye roho, inayobeba umeme mkali. Ukiitoa skrubu kwanza, roho inateleza nje. Usipoitoa, pete inagonga ncha yake. Hicho ndicho alichokifanya akinigeuzia mgongo: skrubu moja, mizunguko mitano.

Pete haikuwa imevunjika vipande. Ilikuwa na ufa, mwembamba kama unywele, na kingo zake zilirudi pamoja nilipoachia. Nikatoa skrubu, nikatoa roho, nikatazama kwa lenzi, nikarudisha kila kitu. Nikazungusha. Cheche ikatoka, ile ile, ya bluu. Nikajiambia: umeona? Hakuna kitu. Nilizungusha mara ishirini. Mara zote ishirini ikatoka.

Lakini mimi nilisoma. Nilijua kwamba ufa kama ule, ukiwa baridi, unafunga. Ukipata moto, unafunguka, na umeme unatorokea ndani yake badala ya kwenda kwenye plagi. Nilijua vizuri kuliko yeyote mjini Goma. Na Muzee aliporudi amevaa shati la matanga, macho mekundu, akauliza, "Iko namna gani?", nilijibu, "Iko vilevile."

Siku ya sherehe gari liliwaka kwa mzunguko wa kwanza. Watu walipiga makofi. Mkubwa alipanda, akasimama, akashika ukingo wa kioo. Nilitembea pembeni, katika umati, nikihesabu dakika. Muzee alitembea upande wa pili, mikono nyuma, na watu walikuwa wakimgusa bega: "Muzee, umefanya!" Dakika tano. Wachezaji mbele, ngoma nyuma. Dakika tisa. Injini ilikuwa inapata moto, na mimi pia. Tulikuwa tumebakiza mita mia mbili kufika kwenye mzunguko wa barabara lilipokohoa mara ya kwanza. Muzee aliinua kichwa. Lilikohoa tena. Kisha likanyamaza, katikati ya barabara, na wachezaji wakaendelea mbele wakicheza bila kujua kwamba hakuna anayewafuata.

Dereva alizungusha mpini mara kumi. Mkubwa alibaki amesimama garini, tabasamu likikauka. Mwishowe akashuka, akatembea kwa miguu. Mtu mmoja katika umati akaita, "Muzee wa Manyeto, njoo usukume!" na barabara nzima ikacheka.

Jumatatu Mwenye Shamba alikuja na vijana wawili wa Chama. Hakupiga kelele. "Ifungue mbele yangu," alisema tu. Muzee akamwaga maji, ndoo tatu kama siku zote. Mara hii hakugeuza mgongo. Alitoa ile skrubu mbele yetu sote, akaiweka katika kifuniko chake, akatoa roho, akaipeleka mlangoni penye mwanga. Aliizungusha pete taratibu. Akasimama kwenye ufa.

Kisha akanigeukia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza njia.

"Papa Diploma. Siku ile niliifungua, nilitosha kwanza kale kavisi?" Akanionyesha ile skrubu aliyoitoa. "Weye ulikuwa fasi hii, karibu yangu."

"Ulinipatia mgongo, Muzee. Sikuona."

Hilo lilikuwa kweli. Aliitazama mikono yake, kwanza wa kuume, kisha wa kushoto.

"Unafikiri nilisahau?"

Mwenye Shamba alikuwa ananitazama. Vijana wa Chama walikuwa wananitazama. Diploma yangu ilikuwa juu ya kichwa chake, ukutani.

"Labda, Muzee," nikasema.

Hakufungwa, hakupigwa. Mwenye Shamba alichukua manyeto yake ndani ya taulo na kuondoka. Wateja wengine wangebaki, nina hakika, mji husahau. Lakini yeye hakufungua tena. Mtu alileta manyeto ya pampu, akaitazama mezani siku tatu, akairudisha. "Mukono yangu inasahau," alimwambia. Kabla ya mwaka kwisha aliuza vifaa, akahamia Kiwanja alikokuwa na shamba la mke wake, akatengeneza baiskeli. Kazi niliyoahidiwa ikaja, hapa hapa Goma. Nikawa mwalimu wa shule ya ufundi, nikajenga nyumba ya mawe, nikanunua jipu. Katika mji huu watu wananiita Enjenia, na sikuhonga mtu kupata jina hilo.

Miaka kumi na mmoja ikapita hivyo. Siku moja mama mmoja muuza maharage, anayekwenda soko la Kiwanja kila wiki, aliniambia sokoni, kama habari ya kuchekesha: "Ule muzee wenu wa zamani! Anafunga mulango, anaenda hatua kumi, anarudi kuijaribu. Mara tatu, mara ine. Anauliza bibi yake: nilifunga? Anamujibu: ulifunga. Anarudi tena."

Yeye alicheka. Mimi nikaacha maharage niliyokuwa nimeshayachagua. Jumamosi iliyofuata nilipanda jipu.

Nilimkuta mbele ya nyumba, gurudumu la baiskeli mapajani. Alikuwa amekonda, lakini shati lilikuwa safi kama zamani.

"Papa Diploma! Umenenepa. Ulaya imekurudilia?"

Sikukaa. Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani, maneno mazuri, yenye mwanzo. Yalipotea yote. "Muzee, ile pete ni mimi niliivunja. Ulipokuwa kwenye matanga. Niliifungua, sikujua ile skrubu, nikavuta. Mikono yako haikukosa kitu."

Aliweka gurudumu chini. Alikaa na mikono juu ya magoti, viganja juu, na nilingoja anitukane. Badala yake akaita kwa sauti kubwa:

"Mama! Kuya hapa."

"Niko napika!" mke wake alijibu kutoka nyuma.

"Acha chungu. Huyu ana neno." Mama akaja akijifuta mikono. "Sema tena," Muzee akaniambia.

Nikasema tena. Mama aliacha kujifuta mikono.

"Kila siku ananiuliza kama amefunga mulango," akasema. "Kila siku. Ile yote ni juu yako?"

Kabla sijajibu, Muzee alikuwa ameshamwita fundi cherehani wa jirani. Huyu akaja na futi shingoni. Nikasema. "Enjenia muzima?" akauliza fundi cherehani, akapiga makofi. "Na diploma yake? Kumbe tunapeleka watoto shule bure!" Watu wawili waliokuwa wakipita wakasimama, na Muzee akawaita nao. Akaletwa katekista, akapewa kiti. Kila mara nilianza upya, na kila mara Muzee alinisahihisha kama hakimu: "Sema na siku. Sema nilikuwa wapi. Sema cheche yangu ilikuwa namna gani kabla ya kuigusa." "Ilikuwa ya bluu," nilisema. "Nene." "Mumesikia? Ya bluu." Kwa katekista aliongeza lake mwenyewe: "Na mimi nilimuficha kale kavisi. Iyo ni dhambi yangu, nitaibeba. Lakini kusahau, sikusahau."

Nilidhani tumemaliza. Aliingia ndani, akatoka amevaa koti, akapanda jipu bila kualikwa.

"Ukirudi Goma unapita Kibati?"

"Ndiyo, Muzee."

"Mwenye Shamba angali muzima. Twende."

Niliendesha taratibu kuliko kawaida. Shati langu lilikuwa limelowa mgongoni. Niliwaza kile mtu wa Chama anachoweza kumfanyia mwalimu wa serikali aliyemwaibisha mbele ya mkubwa wa Kinshasa, hata baada ya miaka kumi na mmoja. Nilifikiri kuhusu nyumba yangu ya mawe. Tulipofika kwenye lango la shamba nilizima injini, na mikono yangu ikabaki kwenye usukani.

Muzee aliweka mkono wake juu ya wangu.

"Pale Kiwanja umesema vizuri," akasema. "Mara tano umesema pete. Pete inavunjika, Papa Diploma, hata mimi nimevunja. Humu ndani uanze na ile 'labda' ulinijibu mbele ya Mwenye Shamba."

Mlango ulifunguliwa na Mwenye Shamba mwenyewe, mzee sasa, akiegemea fimbo. Nikaanza hapo.